MBIO ZA KUPOKEZANA KWA RAMANI NA DIRA: JINSI YA KUZIFANYA ZIWE ZA HAKI KWA WAKUBWA NA WADOGO

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tulipoulizwa tutazungumza juu ya nini, tulijibu kuwa tutasema juu ya mchezo. Pengine wako watakaodhani kwamba mchezo si jambo la kuwaketisha watu wazima, waliokwisha kuchoka kwa kazi ya mchana kutwa. Walakini twaomba mtuvumilie, kwa sababu jambo lililo ndani ya mchezo huu ni kubwa kuliko mchezo wenyewe, nalo ni haki: jinsi watu wasiolingana miaka, wala nguvu, wala ujuzi, wawezavyo kushindana pasipo mmoja kudhulumiwa na mwingine kubebwa.

Ada ya chama chetu ni moja kwa wote. Karani kijana hulipa sawasawa na karani aliyekaribia kustaafu, na mwenzetu aendaye kwa mkongojo hulipa sawasawa na yule aliye hodari wa mpira. Lakini itazameni siku yetu ya michezo. Wanaocheza ni vijana wachache. Waliobaki huketi kivulini wakapiga makofi, kisha wakala wali wakarudi nyumbani. Mwaka baada ya mwaka waketio hupungua, na sababu yake si ngumu kuijua. Mtu asiye na kazi katika shughuli huona kwamba shughuli si yake. Nasi twajua sote kwamba chama hakivunjiki siku moja. Huanza kwa viti vitupu.

Basi, tumekusudia kuwaeleza mchezo mmoja ambao watu wa kaskazini ya Ulaya wameushughulikia muda mrefu, na ambao ndani yake wamejaribu njia nyingi za kuwaweka wazee, vijana, wanawake na watoto katika kikosi kimoja.

ASILI YA MCHEZO

Mchezo huu huitwa orientiringi. Mchezaji hupewa ramani na dira, na katika ramani vimechorwa vituo kwa duara ndogo zenye nambari. Kazi yake ni kuvifikia vyote kwa taratibu ya nambari na kurudi upesi. Njia ya kutoka kituo hata kituo haikuonyeshwa, huichagua mwenyewe. Hapo kituoni hukuta kitambaa cha rangi mbili, nyeupe na ya machungwa, na chombo cha kuitia kadi yake alama, ili iwe shahidi kwamba alifika. Zamani chombo hicho kilikuwa kikoleo chenye meno ya sindano. Siku hizi mahali pengi hutumika kifaa kidogo cha umeme kivaliwacho kidoleni, nacho huandika saa na dakika.

Mchezo ulianza katika mazoezi ya askari. Shindano la kwanza la watu wote lilifanywa karibu na Oslo, mji mkuu wa Norway, tarehe 31 Oktoba 1897, nao washindani walikuwa 8 tu. Mwaka 1919 Meja mmoja wa Sweden, Ernst Killander, aliyeona kwamba vijana wa Stockholm wanaacha mbio za uwanjani, aliwaandalia shindano msituni, na waliofika walizidi mia mbili. Toka hapo mchezo ukaenea, hata mwaka 1961 vyama vya nchi 10 vikaungana kufanya Shirikisho la mataifa.

Angalieni, Mabwana na Mabibi, neno moja hapa. Meja yule hakuwakaripia vijana kwa kuacha mbio. Alibadili mbio. Nasi pia, kabla ya kuwalaumu wenzetu waketio nyumbani siku ya michezo, yatupasa kuuliza kama mchezo tuliowaandalia unawafaa.

KWA NINI MCHEZO HUU

Katika mbio za uwanjani miguu ndiyo hakimu peke yake. Katika mchezo wa ramani mahakimu ni wawili, miguu na akili, nao hawapatani kila mara. Kijana akikimbia upesi kupita uwezo wake wa kusoma ramani, atajikuta bondeni asikokujua, na mzee aliyekuja kwa mwendo wa kutembea atampita huku anahesabu hatua zake. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka, na msituni neno hilo huonekana kwa macho.

Hata hivyo tusijidanganye. Akili haiwezi kuifuta miaka kabisa. Wenye mchezo wenyewe wamelikubali jambo hili, ndiyo maana wamegawa washindani kwa daraja za umri: watoto na vijana kila miaka miwili, na watu wazima toka miaka 35 kila miaka mitano, wanaume mbali na wanawake mbali. Wako watu wa miaka 80 na zaidi washindanao na marika yao. Hiyo ni haki, lakini ni haki ya kutengana. Kila rika lina mbio zake na mshindi wake. Sisi twataka haki ya kukaa pamoja, nayo ni ngumu zaidi.

MBIO ZA KUPOKEZANA

Hapo ndipo zinapoingia mbio za kupokezana. Mtu wa kwanza wa kikosi hukimbia zamu yake, akirudi humgusa wa pili, na wa pili wa tatu, mpaka wa mwisho. Sweden wana mbio ziitwazo Tiomila, zilizoanza mwaka 1945, zenye zamu 10 na kukesha usiku kucha. Finland wana Jukola, zilizoanza mwaka 1949, zenye zamu 7, kwa heshima ya ndugu saba wa kitabu cha Aleksis Kivi. Mbio za wanawake ziitwazo Venla ziliongezwa mwaka 1978, yaani miaka 29 baadaye. Na toka mwaka 2014 katika mashindano ya dunia pana mbio fupi za kupokezana ambazo kila kikosi huwa na wanawake wawili na wanaume wawili, na mwanamke ndiye afunguaye na mwanamke ndiye afungaye. Sweden tena wana mbio za kikosi cha watu 25, ambazo sheria yake hulazimisha kila kikosi kuwa na vijana, wanawake na watu wa makamo, na baadhi ya zamu hukimbiwa na watu kadhaa kwa wakati mmoja.

Tukizitazama mbio hizi na nyingine ndogo za vyama vya mitaani, twaona njia nne za kutafuta haki. Tutazieleza moja moja, pamoja na kasoro ya kila moja.

NJIA YA KWANZA: ZAMU ZISIZOLINGANA

Njia nyepesi ni kuzifanya zamu zisilingane. Zamu moja iwe ya kilomita mbili, karibu na barabara, vituo vyake rahisi. Nyingine iwe ya kilomita nne, ndani ya msitu. Kikosi huchagua nani achukue ipi. Katika kupima, msisahau vilima. Kanuni ya zamani ya mchezo huu ni kwamba kupanda meta 100 huhesabiwa kama kilomita moja ya nchi tambarare. Zamu ya kilomita mbili yenye kupanda meta 100 ni zamu ya kilomita tatu, na mzee atawauliza mbona mlimdanganya.

Kasoro yake ni hii: hakuna kitu kinachokizuia kikosi kuweka vijana wanne katika zamu zote nne. Kwa hiyo njia hii haisimami peke yake.

NJIA YA PILI: HESABU YA PENSENI

Ya pili ni kumpa kila mtu pointi kwa umri na hali yake, na kuamuru kwamba jumla ya kikosi isiwe chini ya kiasi fulani. Tuseme kwa mfano: mwanamume wa miaka 18 hata 39, pointi 1, mwanamke wa miaka hiyo, au mwanamume wa 40 hata 54, pointi 2, kijana wa chini ya miaka 18, mwanamke wa miaka 40 na zaidi, au mwanamume wa miaka 55 na zaidi, pointi 3, na yeyote ambaye hajapata kucheza, huongezewa pointi 1. Kikosi cha watu wanne kisipungue pointi 8.

Vijana wanne hodari watakuja na pointi 4, nao watakataliwa. Kijana, mwanamke, mzee na mtoto wa shule wana pointi 9, nao hupita. Na vijana wanne ambao hawajapata kushika dira wana pointi 8, nao pia hupita, na hiyo ni haki, maana msitu utawafundisha adabu.

Njia hii hupendeza makarani kwa sababu yakatika kwa penseni mezani. Kasoro yake ni kwamba miaka si nguvu. Tunaye mwenzetu wa miaka 58 ambaye hulima eka mbili kabla ya kuja kazini, na tunao vijana wa miaka 25 ambao ngazi ya ofisi huwashinda.

NJIA YA TATU: KUTANGULIZA WALIO WAZITO

Ya tatu ni kukadiria mwendo wa kila mtu, kujumlisha, na kukitanguliza kikosi kizito kwa dakika zilizozidi. Kisha afikaye kwanza ndiye mshindi, na kila mtazamaji humwona kwa macho yake.

Tufanye hesabu. Zamu ni nne: ya kwanza na ya mwisho kilomita 4, za katikati kilomita 2. Kikosi cha kwanza kina watu wa mwendo wa dakika 8, 12, 15 na 10 kwa kilomita. Zamu zao zitakuwa dakika 32, 24, 30 na 40, jumla 126. Kikosi cha pili kina watu wa dakika 11, 16, 18 na 12. Zamu zao ni dakika 44, 32, 36 na 48, jumla 160. Tofauti ni dakika 34. Basi kikosi cha pili kiondoke saa mbili kamili asubuhi, na cha kwanza saa mbili na dakika 34.

Hatari ya njia hii ni ujanja. Mtu akijua atapimwa, siku ya kupimwa atatembea kama mgonjwa. Dawa yake twaipendekeza hivi: kikosi kitakachopunguza makadirio yake kwa zaidi ya sehemu moja katika kumi kiandikwe katika orodha ya pili, kishangiliwe, lakini kisipewe kombe. Kwa kikosi cha dakika 160, mpaka ni dakika 144. Mkweli hataumia, na mjanja hatapata faida.

NJIA YA NNE: KIKOSI KUGAWANA KAZI CHENYEWE

Ya nne hutumika katika vyama vya Uingereza, nayo ndiyo tuipendayo kuliko zote. Vituo vyote hutiwa katika ramani moja. Vichache ni vya lazima kwa kila mtu. Vilivyobaki ni mali ya kikosi: kila kimoja chapasa kufikiwa na mtu mmoja wa kikosi, awaye yote. Wote huondoka pamoja, na saa ya kikosi husimama anaporudi wa mwisho.

Tuseme vituo ni 30, na kikosi ni watu watano. Vituo 5 vya karibu ni vya wote. 25 ni vya kugawana. Watu huketi chini na ramani, wakagawana: hodari achukue 9 vya mbali, wa pili 7, wa tatu 4, wa nne 3, na mtoto au mzee 2 vya kandokando ya njia. Jumla ni 25. Wakigawa vibaya, hodari atarudi mapema akae bure huku mzee akihangaika, au mzee atakaa huku hodari amepotea. Kikosi kishindacho ni kile kilichojuana.

Hapa, Mabwana na Mabibi, hapana mtu aliyepewa pointi za huruma, wala aliyetangulizwa kama mgonjwa. Kila mmoja amepewa kazi inayomkalia, na bila kazi yake kikosi hakikutimiza hesabu. Je, si hivyo ofisini? Tarishi, mwandishi wa mashine na karani mkuu hawafanyi kazi moja, lakini barua isipofika, wote watatu wameshindwa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

MATAWI YA NJIA

Mkichagua njia ya kwanza, ya pili au ya tatu, liko jambo moja ambalo lazima mlijue. Katika mbio za kupokezana watu wengi wakiondoka pamoja, wavivu wa ramani humfuata mwenye kujua. Ili kuzuia jambo hilo, waandaaji hugawa njia katika matawi. Baada ya kituo cha tatu, mmoja hupelekwa tawi A, mwingine B, mwingine C, kisha wote hukutana kituo cha nne. Kikosi cha kwanza hukimbia kwa taratibu ya A, B, C. Cha pili B, C, A. Cha tatu C, A, B. Mwisho wa mbio kila kikosi kimekimbia matawi yote matatu, na jumla ya masafa ni moja.

Kwa vikosi vya watu walio sawa, hiyo yatosha. Kwa vikosi vya mchanganyiko haitoshi, na hapa waandaaji wengi hujikwaa. Tuseme tawi C lapita matawi mengine kwa meta 300. Kijana wa dakika 8 kwa kilomita akilipata, hupoteza dakika 2 na nusu hivi. Mtoto wa dakika 16 akilipata, hupoteza karibu dakika 5. Masafa ya vikosi yalikuwa sawa, lakini hasara haikuwa sawa. Kikosi ambacho mtoto wake aliangukiwa na tawi refu kimedhulumiwa, wala hakuna aliyekusudia. Kwa hiyo, matawi yawe sawa kwa urefu na kwa vilima, na yabadilishane kati ya zamu za namna moja tu: zamu ndefu na ndefu, fupi na fupi.

WASIOWEZA KUKIMBIA

Wapo wenzetu ambao hata kilomita mbili ni nyingi. Kwa ajili yao liko tawi la mchezo lisilohesabu mwendo, ambalo mashindano yake ya dunia yalianza mwaka 2004 katika Sweden. Mshindani huenda njiani kwa miguu au kwa kiti cha magurudumu. Mahali palipowekwa alama husimama akaona vitambaa kadhaa mbali msituni, vilivyopewa herufi. Naye kwa ramani yake huamua ni kipi kilicho katikati ya duara. Kama hakuna hata kimoja, hujibu Z. Ni kazi ya jicho na akili, na vijana wa mbio wengi hushindwa nayo.

Twashauri zamu moja ya kila kikosi iwe ya namna hii: mahali pa kuamua 6, na kila jibu la makosa liongeze dakika 3 katika saa ya kikosi. Hapo mwenzetu mwenye mkongojo anaweza kukipatia kikosi ushindi au kukikosesha, kama mtu mwingine yeyote.

KANUNI ZA SIKU YENYEWE

Mwisho, twataja mambo machache ambayo haki huyategemea.

Kwanza, kanuni zote zitangazwe kwa maandishi kabla ya siku, zisibadilishwe asubuhi ya mbio. Kanuni mbaya iliyojulikana ni afadhali kuliko nzuri iliyozushwa.

Pili, desturi ya mchezo ni kwamba akosaye kituo kimoja huondoa kikosi chote. Kwa vikosi vyenye watoto twaona ni ukali mno. Afadhali kuongeza dakika, lakini dakika hizo zizidi muda ambao mtu angeuokoa kwa kukiruka kituo, ama sivyo mtakuwa mmewafundisha watoto kuruka.

Tatu, kila achukuaye ramani sharti aripoti mwisho, hata kama ameacha mbio katikati. Karani wa orodha asifunge daftari mpaka kadi zilizotoka na kadi zilizorudi zimelingana. Kila mtu awe na filimbi, na saa ya kufunga njia itangazwe. Kombe likicheleweshwa si neno. Mtoto akisahauliwa msituni ni msiba.

Nne, malalamiko yaamuliwe na watu watatu wasio wa vikosi vinavyogombana, na uamuzi wao uwe wa mwisho.

Bwana Mwenyekiti, gharama ya jambo hili si kubwa. Uwanja wa shule wenye miti, ramani iliyochorwa kwa uangalifu na wenzetu wapimaji, dira chache za kuazimana, na vitambaa ambavyo mke au mume yeyote mwenye cherehani aweza kuvishona. Kinachotakiwa zaidi ni nia. Twaiomba Halmashauri iteue watu wachache wajaribu njia ya nne katika siku ya michezo ijayo, kwa vikosi vya watu watano, kila kikosi kiwe na mzee mmoja na kijana mmoja walio wa ofisi mbalimbali. Wakirudi wakatuambia kwamba haifai, tutanyamaza. Ikifaa, huenda tukaona siku hiyo viti vya kivulini ni vitupu kwa sababu njema, yaani waketi wenyewe wamo msituni.